Maskini Kuliko Wote Asimame

Nilimwahidi Mungu kuku. Binti yangu Herieth alikuwa leba, mie nje kwenye benchi, nikaropoka: "Baba, mtoe salama, nitakupa mtetea wangu." Akatoka salama, na mjukuu mnene mkononi. Sasa kuku! Anataga kila siku, na mayai yake ndiyo sukari na sabuni ya nyumba yangu.

Nikapiga bongo. Kanisani kwetu Chamazi, sadaka za kuku na ndizi hunadiwa baada ya ibada. Nikampa shoga yangu Bupe vijisenti vyangu. Sokoni havinunui hata kifaranga, lakini kwa bei za kanisani vinatosha.

"Wewe unanunua, halafu unanirudishia," nikamwambia. "Mungu kapata chake, na mie changu."

Bupe alicheka mpaka akakohoa.

Jumapili hiyo tukawa na mgeni, Mzee Edgar kutoka Ujerumani. Alituambia mkewe amefariki, na wanawe huwaona Krismasi tu. Tulipoanza kuruka na mapambio, alipiga picha mabati yenye matundu, akalia, akasema hajawahi kuona watu wasio na kitu wakimsifu Mungu kwa furaha hivi. Mzee wa kanisa Elibariki akatafsiri neno kwa neno. Wasio na kitu! Nami nimevaa kitenge kipya! Nilinuna.

Mnada ukaanza. Elibariki akamnyanyua kuku wangu, Bupe akataja bei. Edgar akanyoosha mkono. Bupe akapandisha, Edgar naye akapandisha huku anacheka. Bupe akanigeukia na viganja vitupu. Kuku kaenda.

Edgar akamnong'oneza Elibariki, naye Elibariki akajikohoza.

"Mgeni anamtoa kuku huyu zawadi kwa aliye maskini kuliko wote humu. Asimame."

Mama mmoja ambaye paa lake linavuja akaanza kukagua kucha zake. Bupe akanifinya paja.

"Simama we, kuku wako huyo!"

Nikasimama. Nikaona macho ya kanisa zima, nikamwona na Edgar, peke yake pale mbele, jasho linamtiririka. Hasira zikaniisha, nikamhurumia kweli.

"Shikamoo Mzee Elibariki. Mwambie maskini ni yeye. Sie tukichelewa kurudi nyumbani, kuna watu wanatutafuta. Yeye nani anamtafuta? Kuku ni wake, na leo anamla kwangu."

Elibariki akatafsiri kwa woga. Edgar akaduwaa, kisha akacheka kwa sauti, akamkumbatia kuku. Kanisa likalipuka vigelegele, tukamzungusha tukicheza mpaka vumbi likatimka.

Mchana nikamnyonyoa kuku kwa mikono yangu. Nililia, sitaficha. Edgar akaketi mkekani kwangu, kampakata mjukuu, akaomba sala ndefu kwa Kijerumani mpaka mchuzi ukapoa. Sikuelewa hata neno moja. Nikaitikia amina, na kwa mara ya kwanza mwaka huu haikuwa na ujanja ndani yake.