Nafasi ya Kidole Gumba

Kwenye ukuta wa nyuma wa karakana, mji mzima ulikuwa umetundikwa kwa misumari. Zilikuwa karatasi za kaki, kila moja ikiwa na nyayo mbili, wa kushoto na wa kulia, zilizozungushiwa penseli siku mteja alipokuja kupimwa. Chini yake mke wa fundi aliandika miguu ni ya nani na tarehe ya kila jozi iliyoshonwa: muuza maziwa, mwalimu mstaafu, msusi wa kona, mume wa msusi. Katika miaka minne karatasi zilikuwa zimefika mia mbili na arobaini. Asubuhi mlango ulipofunguliwa, ukungu uliingia, karatasi zikainuka na kushuka moja baada ya nyingine, na yule mwanamke, sindano mkononi, akawaona watu wote wa mji wakitembea bila kufika popote.

Hakuwa mtu wa njozi. Kushona soli kwa mkono ni kutoboa, kupitisha uzi, kuvuta, kukaza, na mtu anayerudia hivyo mara mia tatu kabla ya chai huanza kuota macho wazi. Mumewe alipima na kukata ngozi, yeye alishona. Walitoka mbali, nchi ya joto, na kabla ya hapa walikuwa wamejaribu miji miwili. Wa kwanza walikaa mwaka mmoja, wa pili miaka isiyotimia mitatu. Katika mji huu mdogo wa mashambani, uliolala kwenye bonde na kufunikwa na ukungu hadi saa nne, kwa mara ya kwanza alikuwa ameshona mapazia ya kupima dirisha hasa, si ya kukisia. Binti yao wa miaka kumi na minne alikuwa na rafiki wa kugombana naye kila juma na kupatana naye kila juma, jambo linalohitaji muda.

Sasa yote hayo yalitegemea miguu ya mtu mmoja. Mkuu wa posta alitaka viatu vya wapeleka barua wake wote kumi na wanane, watu wanaopanda na kushuka vilima siku nzima. Ila kwanza alitaka jozi moja ya majaribio, aivae mpeleka barua mkongwe kuliko wote, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Barua. Akiridhika yeye, fundi amepata kazi ya miaka. Asiporidhika, fundi alikwisha kusema, na si mtu wa kusema mara mbili: wangefunga karakana na kumfuata kaka yake jijini, kwenye kiwanda cha ndara za plastiki. Mkewe hakubishana naye. Alipoteza usingizi tu.

Ni katika majuma hayo ndipo mwalimu mstaafu alipoleta viatu vyake kubadilishwa visigino. Mke wa fundi alipoinua ngozi ya ndani alikuta gazeti lililokunjwa mara nne, limekatwa kwa mkasi kufuata umbo la unyayo, kazi safi ya mtu aliyezoea kurekebisha makosa ya wengine. Alidhani ni kinga ya unyevu. Siku mbili baadaye viatu vya muuza maziwa vilikuwa na pamba vidoleni. Vya msusi vilikuwa na kipande cha blanketi. Hapo akaanza kuweka alama nyuma ya karatasi. Mwezi ulipoisha, kati ya jozi kumi na tisa zilizoletwa kutengenezwa, kumi na sita zilikuwa zimesindiliwa kitu ndani. Kumi na sita kati ya kumi na tisa si bahati mbaya.

Alimwita binti.

"Hebu nionyeshe kiatu chako."

Binti akavua. Mguu uliotoka ndani yake ulikuwa umevaa soksi mbili, na juu ya hizo, ya tatu.

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie hapa. Kwani mama hujui? Shuleni wanaviita viatu vya vyumba viwili. Chumba kimoja cha mguu, kingine cha mgeni."

"Na wewe umenyamaza miaka minne?"

"Nilidhani ndivyo tunavyovaa sisi," binti alisema. "Baba mwenyewe si anavaa hivyo hivyo? Anatembea kama bata, mama, umemzoea tu."

Mama alijua kosa lilipo, tena alilijua kabla ya kuuliza. Baba mkwe wake, fundi kabla ya fundi, alikuwa na kanuni moja: mpime mtu asubuhi, kisha ongeza nusu ya upana wa kidole gumba kila upande, maana jioni mguu huvimba. Huko kwao ilikuwa kweli tupu. Ardhi iliwaka, watu walitembea juu yake siku nzima, na jua likielekea kuzama ungewakuta wamekaa nje, kamba za viatu zimelegezwa, miguu imeumuka kama unga wa mkate. Mtu aliyeshonewa kiatu cha kumtosha asubuhi alirudi nyumbani amekibeba mkononi. Mumewe alikuwa ameivusha kanuni hiyo mipaka yote pamoja na nyundo na kalibu, ile miguu ya mti ya kuundia viatu, na hakuna mahali alipoulizwa kuhusu kanuni.

Lakini kujua si kuthibitisha. Kwa siku sita alipima miguu ya watu watatu kwa uzi, asubuhi na jioni, akifunga fundo mahali uzi ulipokutana. Wa kwake na wa binti ilikuwa rahisi. Wa mumewe aliupima alfajiri akiwa bado amelala, na jioni baada ya kazi, akiwa amejinyoosha, gazeti kifuani.

"Unanifanya nini?" mume aliuliza bila kufumbua macho.

"Nakupimia soksi."

"Soksi tangu lini zikapimwa kwa uzi?"

"Lala, baba watoto."

"Mtoto mmoja unaniita baba watoto," alisema, akalala.

Siku ya saba nyuzi thelathini na sita zilikuwa zimelala mezani, mbili mbili. Asubuhi na jioni zilikuwa sawa. Zile chache zilizotofautiana, wa jioni ndio uliokuwa mfupi, kwa baridi. Alizitazama kwa muda mrefu. Nje ukungu ulikuwa umeficha mnara wa maji, kisha duka la msusi, kisha barabara yenyewe, mpaka ikawa kana kwamba karakana imesimama peke yake mahali ambapo hakuna anayetembea, na kwa hiyo hakuna anayehitaji viatu. Alimwita mumewe.

Fundi alizipima zile nyuzi upya, zote. Aliinua gazeti la mwalimu, pamba ya muuza maziwa, blanketi la msusi. Alikaa.

"Wangapi?"

"Kumi na sita kati ya kumi na tisa."

"Na binti?"

"Soksi tatu."

Alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Kwa hiyo mji mzima unajua. Miaka minne napita barabarani, wananiamkia, 'Habari za asubuhi, fundi,' nami naitika kwa sauti, nimebenua kifua. Huku wamejaza magazeti."

"Tunaweza kurekebisha. Kata kwenye mstari, usiongeze kitu. Cha Mzee Barua kitamkaa sawasawa."

"Sitaki kumtazama Mzee Barua usoni. Mtu aliyechekwa miaka minne hatafuti kazi ya posta." Alisimama akavua aproni. "Jumamosi nampigia kaka simu."

Mkewe alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa ubishi, kwa hotuba kuhusu marehemu baba mkwe. Kwa hili hakujiandaa. Alikuwa amezitafuta hesabu ili wabaki, na hesabu hizo ndizo zilizokuwa zinawafungasha.

Alhamisi Mzee Barua alikuja kupimwa, kama walivyopatana. Ukungu ulimtangulia ndani, naye akatokea katikati yake, mfuko begani.

"Hodi humu. Fundi yupo au ameyeyuka?"

"Yupo, mzee," mke wa fundi alisema, akageukia pazia la chumba cha nyuma. "Baba watoto, umeitwa."

Kisha fundi akatoka na karatasi na penseli, akapiga goti bila kusalimia. Mzee alivua viatu vyake, jozi ya pili aliyoshonewa hapo hapo, miaka miwili iliyopita, akavisogeza kwa kisigino chini ya benchi, harakaharaka. Fundi alinyoosha mkono akavivuta. Kila kimoja kilitoa bahasha nne za posta, zilizokatwa kwa unadhifu.

"Si barua za watu," Mzee Barua alisema upesi. "Ni bahasha zilizoharibika. Nina kibali."

"Vinakupwaya?"

"Aa, si sana."

"Mzee. Nimekuuliza."

Mzee Barua alikuna kidevu. Alimtazama mke wa fundi kuomba msaada, hakupewa. "Basi, vinapwaya. Kuteremka kilima cha kanisani navitangulia kwa hatua moja."

"Kwa nini hukusema?"

"Nitasemaje, fundi? Tulidhani kwenu ndivyo vinavyovaliwa. Mwanzoni mwalimu alitukalisha, akatuambia kila nchi ina namna yake, tusiwe washamba. Wewe ulikuwa unavishona kwa moyo, ngozi haiachii, uzi haukatiki. Mtu akwambie, 'Baba, punguza'? Tukaona aibu. Tukaweka vitu ndani."

"Mkawa mnacheka."

"Tulicheka," Mzee Barua alikubali. "Mwaka wa kwanza. Mke wangu alisema angeviazima kuogeshea mjukuu. Baadaye tukazoea, tukaacha. Hebu pima, fundi, sakafu yako ina baridi."

Fundi alichora mstari kuzunguka unyayo wa kushoto, kisha wa kulia, polepole kuliko kawaida yake. Mzee alipokwisha kwenda, alibaki vile vile amepiga goti.

"Unasikia?" alimwambia mkewe. "Walicheka."

"Nimesikia. Sasa tazama ukuta."

"Nautazama kila siku."

"Unatazama nyayo. Mimi ndiye niliyeandika tarehe. Karatasi yenye tarehe moja ni mtu aliyeshonewa mara moja. Yenye tarehe mbili alirudi. Kuna duka la viatu vya dukani hapo stendi, hatua mia mbili kutoka hapa, na vyao havipwayi. Hesabu mwenyewe. Sikwambii idadi, utasema nimekosea."

Alihesabu mchana kutwa. Alishusha kila karatasi, akaisoma, akairudisha kwenye msumari wake, na kwa kuwa hakuiamini akili yake siku hiyo, alihesabu mara mbili. Mkewe aliendelea kushona. Mwanga ulikuwa mweupe, bila kivuli, mwanga wa mtu anayekaribia kuamka, na mara mbili alisinzia akamwona mumewe akipita katikati ya umati wa watu wenye miguu ya karatasi, akimshika kila mmoja bega na kumtazama usoni.

"Mia moja sabini na moja," fundi alisema hatimaye.

"Na mimi nilipata hivyo."

"Walirudi huku wanajua."

"Walirudi huku wanajua, na gazeti wakajinunulia wenyewe."

Jioni hiyo fundi alikata ngozi ya viatu vya Mzee Barua. Alipofika kwenye mstari wa penseli mkono ulisita, ukajiongoza wenyewe kwenda nje kidogo, mahali ulipokwenda kwa miaka thelathini. Akaurudisha. Alikata juu ya mstari hasa, uso umekunjamana kama wa mtu anayemkatisha mzee wake kauli.

Kazi ya posta ilikuja majuma matatu baadaye, baada ya Mzee Barua kumwambia mkuu wake mambo matatu: havibani, havipwayi, na bahasha zake zilizoharibika sasa hazina kazi. Lakini mke wa fundi hakuhitaji kungoja kiasi hicho. Kwake suala lilimalizika Jumamosi ile ile ya simu.

Asubuhi hiyo fundi alivaa shati safi, na mkewe alidhani anakwenda kupiga simu. Alimwona akitia penseli mbili masikioni, moja kila upande, akachukua bunda la karatasi za kaki kwapani, akatoka. Simu ilikuwa mezani. Mkewe alisimama mlangoni. Mumewe alivuka barabara, akabisha nyumba ya kwanza, mlango ukafunguliwa, na maneno hayakusikika. Kisha fundi alipiga goti kizingitini na mtu akatoa mguu nje, kwenye baridi. Akasimama, akainama kidogo, akaenda nyumba ya pili. Akapiga goti. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mwalimu mstaafu, na hapo palizuka mabishano.

"Mama fundi," mwalimu aliita kutoka ng'ambo, "mwambie mumeo mimi vyangu aviache. Nimevizoea. Na gazeti napata pa kuliweka."

"Mpe mguu, mwalimu," mke wa fundi alijibu. "Hataondoka hapo."

Mwalimu alimpa mguu, huku akimwelekeza namna ya kushika penseli. Fundi alikwenda nyumba ya nne, ya tano, akawa mdogo, akawa kivuli kinachosimama na kupiga goti, kusimama na kupiga goti, mpaka ukungu ukamchukua na kukabaki sauti za milango tu.

Alirudi jioni, magoti ya suruali meusi kwa matope, njaa imemshika. Binti alimpakulia. Alikula bila kuinua kichwa, sahani mbili.

"Nimemaliza upande mmoja wa barabara," alisema. "Upande wa pili ni Jumatatu. Halafu kuna wale wa kule juu kilimani. Itachukua mwezi." Alimgeukia mkewe. "Nani aliniambia huu ni mji mdogo?"

"Ulijisemea mwenyewe," mkewe alisema, akamwongezea chai.