Mtaro wa Kupokelea Wageni

Modesta aliuona mtaro kabla gari halijasimama. Mtaro ulikuwa safi.

Na si usafi wa kawaida, wa kupitisha maji mvua ikinyesha. Ulikuwa usafi wa Pasaka. Kuta zilipakwa chokaa, mchanga wa ziwani ulimwagwa kingoni, na kila baada ya hatua chache palisimamishwa kopo la maua. Wanawake wa Mtaa wa Bondeni walijipanga pande zote mbili kwa kanga mpya, na Land Rover ilipozima injini wakapiga vigelegele.

"Mungu wangu," Modesta alijisemea. "Wameniua."

Yeye alikuwa bibi afya wa manispaa, na mwaka mzima alikuwa ameandika barua kuhusu mtaro huo mpaka karani wa masjala akawa anakunja uso akimwona mlangoni. Mwanza imekaa juu ya mawe, na mawe hayanywi maji. Mvua ikinyesha, maji yote hushuka na oili chafu ya magereji, uozo wa sokoni na vinyesi vya vyoo vilivyofurika, yakapita Bondeni kwenda ziwani, kule kule ambako watu wa Bondeni huchota maji ya kunywa. Mvua za mwaka uliopita, kipindupindu kiliwaua watu kumi na mmoja wa mtaa huo. Wa saba alikuwa baba yake Modesta. Alizikwa na watu wa manispaa, kwa chokaa na glavu, na mkewe hakuruhusiwa hata kumwosha.

Manispaa nayo haikuwa na kitu. Lori lake la taka lilipandishwa juu ya mawe tangu enzi za chama kimoja, na sasa vyama vilikuwa zaidi ya kumi na lori liko pale pale. Ndipo ukaja mradi wa wafadhili wenye fedha za kujenga mtaro mmoja wa zege, wenye mashimo ya kunasia taka kabla maji hayajaingia ziwani. Miji miwili iliomba na mmoja tu ungepata. Mtu wa kuamua ndiye huyo aliyekuwa akishuka garini, Injinia Jumbe kutoka Dar es Salaam, mwenye fomu mkononi na ndege ya saa sita mchana.

Modesta alijua kosa lilikuwa lake. Kabla ya kwenda semina ya siku tatu Magu, alimwambia balozi wa nyumba kumi, mzee Ngosha, maneno mawili matatu tu: "Jumatano tuna wageni." Alisahau desturi ya kwao. Mtu wa Bondeni ukimwambia mgeni anakuja, hakuulizi mgeni anafuata nini. Anashika ufagio.

Injinia alitembea taratibu kandokando ya mtaro, akichokoa hapa na pale kwa fimbo yake. Haikunasa kitu.

"Bibi afya, barua zako zilinitisha," alisema. "Nimenunua mpaka viatu vya mpira. Juzi, kwenye ule mji mwingine ng'ambo ya ziwa, nilizama mpaka magotini. Hapa naona watu wanajiweza."

"Injinia, huu si mtaro wa siku zote. Wameusafisha kwa ajili yako."

"Vizuri. Basi na wausafishe kwa ajili yao." Akatoa kalamu.

Hapo mama yake, Kashindye, akajipenyeza hadi ubavuni kwake, mikono imemchubuka kwa jembe, uso unang'aa kwa furaha.

"Umeona, mwanangu?" alinong'ona. "Siku tatu nzima. Ungeaibikaje mbele ya wakubwa wako, nami nipo?"

"Mama, taka mmezipeleka wapi?"

"Usijali, hawawezi kuziona. Kila mtu alikataa zisiwekwe kwake, nikasema haya, leteni uani kwangu."

Uani kwa Kashindye hata wakwe zake hawakufika. Mama huyu alikuwa mjane asiye na mali, na jina alilobaki nalo mtaani lilikuwa moja tu, usafi. Alifagia mpaka njia ya jirani. Kumpeleka mtu baki kule nyuma ilikuwa kumvunjia jina lake, na wa kulivunja angekuwa si mwingine ila binti aliyefanyiwa wema huo. Lakini kalamu ilikuwa tayari juu ya fomu, na wingu jeusi lilikuwa limeanza kukaa upande wa ziwa.

"Injinia, kabla hujaandika," alisema kwa nguvu, "kuna mahali hujapaona."

Vidole vya mama yake vikamkaba kifundo cha mkono. "Modesta. Usithubutu."

"Nisamehe, mama."

Akajinasua. Akazunguka nyumba, wageni nyuma yake, akausukuma mlango wa ua wa matete.

Lundo lilikuwa refu kuliko ua wenyewe. Mifuko ya rambo, viatu vya mitumba, vichwa vya samaki, mbwa aliyekufa amevimba, vyote vimelowa oili. Nzi waliinuka wote kwa pamoja. Maji meusi yalichuruzika polepole hadi kizingiti cha jiko, yakakutana na majivu. Injinia alijiziba pua kwa leso.

"Vyote hivi vimetoka mtaroni?"

"Vyote. Vya mwezi mmoja tu."

Injinia akaishusha leso, akasema bila ukali, na hilo lilimtisha Modesta zaidi. "Wafadhili huniuliza swali moja. Hawa watu wanaaminika? Leo nimeonyeshwa maua, na nyuma ya maua kuna hili. Nikiandika kwamba mlinificha, jibu lao unalijua."

Modesta alikuwa amemwaibisha mama yake bure. Macho yakamjaa machozi, akatazama chini.

"Baba," sauti ya Kashindye ilisema nyuma yao, "shikamoo yangu bado hujanipa."

Injinia akageuka, akashtuka kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu mgeni akija, mama yako hafagii?"

"Anafagia."

"Na taka anaweka wapi?"

Injinia akasita. "Nyuma ya nyumba."

Mtu mmoja akacheka nje ya ua, akanyamaza haraka.

"Basi," Kashindye alisema. Akaificha mikono yake iliyochubuka ndani ya kanga. "Mficha uchi hazai, najua. Nami nimezaa saba, sikuhitaji wa kwanza wao anifundishe hilo mbele za watu. Lakini sikumficha mkaguzi kitu, nilimstahi mgeni. Mngesema mnakuja kuangalia uchafu, tungewaachia, tunao wa kutosha. Mwaka jana maji haya yalimchukua mume wangu. Andika na hilo."

Injinia Jumbe aliandika. Aliandika akiwa amesimama palepale, nzi wakimtembea kwenye kola, mpaka dereva akaja kumkumbusha ndege. Kisha akaigeuza fomu Modesta aone. Kwenye nafasi ya mapendekezo palikuwa na neno moja: Mwanza.

"Fedha haziji kesho," alisema. "Ni za bajeti ya mwakani."

Gari lilipoondoka mtaa mzima ulishangilia, na mzee Ngosha alicheza mpaka kofia ikamdondoka. Kashindye hakushangilia.

"Umenivua nguo, Modesta."

"Ndiyo, mama."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Saa tisa mvua ikatoka ziwani. Modesta alikuwa ofisini tone la kwanza lilipogonga bati, akatoka mbio, viatu mkononi. Alipofika kwa mama yake, lundo lilikuwa limeporomoka lote. Lilipita jikoni, likapita ukumbini, likasimama sebuleni. Kashindye alikuwa ameketi juu ya kigoda, miguu imezama katika maji meusi, amekumbatia picha ya marehemu isilowe.

Modesta akaichukua picha. Akaitundika ukutani kwenye msumari, akatafuta karai, akaanza kuchota. Baada ya kitambo mama yake akainuka na ndoo. Wakachota hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

"Hao wageni wako wana haraka sana," Kashindye alisema hatimaye.

"Vipi, mama?"

"Wangengoja kidogo tu, tungewapokea sebuleni."

Modesta akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akashindwa kushika karai. Mama yake akamngoja amalize. Halafu akampa ufagio.