Kitambaa Kimoja Cheupe

Mara nane Kipchirchir alimvuta Rumaisa mtandio darasani, na mara nane mwalimu wa zamu alisema huo ni utani wa watoto. Mara ya tisa ukatoka wote, nywele nje, darasa zima linacheka, na Rumaisa akamzaba kofi. Moja tu. Utani ukaishia hapo, ikawa kesi. Mkuki kwa nguruwe, bwana.

Mwalimu Mbugua, naibu wa mkuu wa shule, hakuuliza mengi. Mtandio akaufungia kabatini kama ushahidi, Rumaisa akatumwa nyumbani, mtaa wa Section 58, akamlete mamake.

"Asaini hapa kwamba alipiga bila kuchokozwa, Jumatatu afanye mtihani wa majaribio," akamwambia mama. "Akikataa, wiki mbili nyumbani, na mtihani umempita."

"Na huyo kijana?"

"Kijana ndiye alipigwa, mama."

"Alimvua mwanangu mtandio."

"Mtandio hauko kwa orodha ya sare. Kwa rekodi yetu, hakuna kitu kilivuliwa."

Haya basi. Mtu amesoma mpaka chuo kikuu, na maneno hayo akayatoa bila hata kukohoa. Mama Rumaisa hakupandisha sauti.

"Basi tupe hicho kitu ambacho hakiko, twende nacho."

Mbugua akafungua kabati. Lakini shule hiyo ina desturi yake: hakitoki kitu ofisini mpaka kiandikwe kwenye daftari kubwa, mwenyewe asaini, karani agonge muhuri. Karani Chepkurui akaandika: kitambaa kimoja cheupe.

Rumaisa akashika kalamu. Alikuwa na hasira, na alikuwa anaogopa; mtihani huo aliusomea tangu Januari. Akakata neno "kitambaa", akaandika "mtandio", na kando yake: ulivutwa na Kipchirchir mara tisa, nikampiga mara moja. Akasaini.

Chepkurui akasoma. Akasoma tena, polepole. Miaka kumi na mmoja amekaa kwenye meza hiyo akiwaandikia wasichana barua za kurudi nyumbani. Akagonga muhuri.

"Umegonga nini?" Mbugua akauliza.

"Rekodi, mwalimu."

Daftari hilo halichanwi. Kurasa zina nambari, na sheria hiyo aliitunga Mbugua mwenyewe. Ile karatasi ya Mbugua ya kukiri kosa, Rumaisa hakuisaini. Alijifunga mtandio pale pale mbele yao, bila haraka, akaenda nyumbani wiki mbili.