Pambizo za Msahafu wa Mwalimu

Fundi wa kujalidi vitabu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kutia udhu, mikono bado inachuruzika, Bingwa alipoingia na kifurushi amekikumbatia kifuani. Kwa miaka mingi walikuwa wameonana misibani tu, pole na kwaheri.

"Mbona, hujambo?"

Fundi akacheka. Jina hilo hakuna tena aliyemwita. Alilipata utotoni, kwenye darasa la Mwalimu, baba yake Bingwa, chumba cha nyuma chenye mkeka uliofumuka pembe moja, kwa kuwa siku haikupita bila yeye kuuliza mbona hivi, mbona vile. Shule aliitupa mapema. Darasa la Mwalimu hakuliacha mpaka Mwalimu alipolazwa kitandani na maradhi.

Bingwa akafungua kitambaa. Ulikuwa msahafu wa marehemu. Mgongo umebanduka, nyuzi zimeoza, na pambizoni mwa kila ukurasa mwandiko wa Mwalimu, mdogo kama sisimizi kwenye msafara.

"Ushone, uuvike jalada jipya, kisha ukate kingo. Nimekupigia mstari wa penseli. Nampa binti yangu."

Fundi aliufuata mstari kwa rula. Kingo hunyooshwa kwa kukata unywele tu. Huu ulikula vidole viwili, maandishi yote ndani.

"Hapa hunyoi nywele, ndugu yangu. Unanyoa na masikio."

"Ndivyo nitakavyo. Ndani ya msahafu hapaandikwi kwa kalamu."

"Mwambie baba yako."

"Baba alikuwa baba. Lakini soma! Wengine wamesema hivi, wengine wamesema vile, kila ukurasa. Kitabu kamili kina haja gani ya wengine na wengine? Mtu akiona atasema kina walakini."

Fundi aliutazama ule mwandiko. Kimawazo alikuwa amesharudi kwenye ule mkeka. Siku moja walikuwa wakisoma eda ya mwanamke aliyeachwa. Mwalimu alieleza kwamba neno moja pale, quruu, ambalo eda huhesabiwa kwalo, Waarabu wenyewe walilitumia kwa hedhi na pia kwa twahara, na maimamu wakubwa wakagawanyika. Mbona akaropoka: "Kama Kitabu ni kamili, mbona Mungu hakuchagua neno lenye maana moja?"

Bingwa aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Astaghfirullah! Baba, mtoe nje huyu!"

Mbona alikuwa ameshashika viatu. Mwalimu akaweka chini kikombe chake cha chai. "Rudi ukae," akasema. "Kitabu chenyewe kimetuambia kina aya zilizo wazi na nyingine zenye kufanana, zinazobeba maana zaidi ya moja. Hakikuficha. Ila kwa nini likachaguliwa neno hili, mimi sijui." Kisha akachovya kalamu na kuandika kitu. Hawakuthubutu kuchungulia.

Sasa fundi alifunua taratibu, akaupata ukurasa. Chini ya maelezo ya maimamu kulikuwa na mstari mmoja. Akausoma kwa sauti: "Mbona ameuliza kwa nini. Swali zuri. Sina jibu. Mungu ndiye ajuaye."

Alijifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa safi kwa ajili ya msahafu. "Hii mimi sikati. Tafuta fundi mwingine."

Bingwa akaketi juu ya rundo la makaratasi bila kukaribishwa.

"Binti yangu amerudi kutoka masomoni na swali hilohilo lako. Nikamfokea. Sasa haniulizi kitu. Anaswali, lakini naona anaswali ili mimi ninyamaze. Nikadhani nikimpa msahafu usio na ubishi..."

"Wewe ulimsikia baba yako akisema sijui. Imani ilikutoka?"

Bingwa akatikisa kichwa. "Siku ile ndiyo nilimwamini kuliko zote."

"Basi."

"Basi nini? Bado nasema ulikosea! Neno lenye maana mbili si upungufu. Mungu ametuachia nafasi."

"Na nafasi hiyo imewagombanisha maimamu, huku wanawake wakihesabiwa eda kwa hesabu mbili. Mwenye eda umemuuliza?"

"Ubishi wako hauzeeki, we mtu."

"Wako umeota mvi tu."

Wakacheka, kila mmoja akimwangalia mwenzake kama anayemtafuta mtoto fulani ndani ya uso mzee. Fundi akachukua ufutio. Bingwa akamnyang'anya.

"Lete. Mstari niliupiga mimi."

Akaanza kuufuta, ukurasa baada ya ukurasa, akipuliza vumbi la penseli lisitue juu ya aya. Kila mara alikwama akisoma mwandiko wa baba yake, na fundi hakumharakisha. Alipomaliza jua lilikuwa limehama dirisha.

Mlangoni akageuka.

"Mwishoni shonea karatasi tupu. Kumi hivi."

"Za nini?"

"Yule binti ana maswali kukushinda wewe."

"Ishirini basi," fundi akasema, akatunga uzi kwenye sindano.