Jicho la Khamisa

"Khamisa, huyo mwanao ulimi kauacha wapi?"

Mwanatumu, jirani yake wa mlango wa pili, alimuuliza hivyo siku moja kibarazani, akipepeta mchele, kwa mzaha tu. Lakini swali lilimkaa Khamisa kama mwiba wa samaki kooni, na asubuhi hii, akiwa kwenye deski la watoto magoti yakimgusa kidevu, lilimchoma tena.

"Shikamoo, mama," Mwalimu Kalama alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeitwa, nimekuja."

Kalama alikuwa kijana wa Vitengeni, mwembamba, na chaki hadi kwenye kola. Akamfungulia daftari la mwanawe, Harusi. Lilikuwa safi, hesabu zote zimepigwa vema.

"Kuandika anaandika. Lakini kusoma kwa sauti, mama, mwaka mzima sijamsikia hata neno. Nikimsimamisha anatazama sakafu, machozi yanamtoka. Wenzake wanamwita Jiwe. Sasa mwalimu mkuu amesema Ijumaa atamsikiliza mwenyewe. Asiposoma, anarudishwa darasa la kwanza."

"La kwanza! Na miaka tisa hii? Akakae na vitoto vya kufutwa kamasi?"

"Ndiyo maana nikakuita. Nyumbani husoma?"

Khamisa akafungua mkoba, akatoa kofia aliyokuwa akiishona, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure. Tangu kufiwa na mume alikula kwa kofia hizo, tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Alitunga sindano, asishone.

"Husoma," alisema mwishowe. "Nyuma ya pazia, mimi nikiwa jikoni. Mbele za watu nilimkataza mimi."

Akamweleza. Harusi alikuwa na miaka sita, na eda ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Kwenye maulidi ya mtaa mtoto alisoma mbele ya wanawake, nao wakamwagia sifa: ulimi wa asali huu, sauti ya ndege hii. Hakuna hata mmoja aliyesema mashaallah ya kumkinga na jicho. Kesho yake homa ikampanda, ikamlaza siku kumi na saba, nywele zikamtoka kwa mafungu.

"Nilikuwa nimezika mume, mwalimu. Alipoinuka nikamwambia: mwanangu, usisome tena mbele ya jicho la mtu."

Kalama hakucheka. "Hata kwetu jicho lipo. Nyanya yangu Nyevu, ukimsifia mbuzi wake, anakufukuza kwa mchi."

Khamisa akatabasamu kidogo, kisha uso ukarudi vile vile. "Basi wewe ukimsikia, sema mashaallah."

"Mama, mimi ni Mkristo, wa kanisani kila Jumapili."

"Neno moja halitakusilimisha. Haya, sema."

"Mashala."

"Masha-allah. Usilimeze."

Wakapatana. Khamisa angemwondolea mtoto marufuku, naye Kalama angebaki naye kila siku wakati wa mapumziko, amsikilize huku amempa kisogo, macho yake ubaoni.

Jumanne, Kalama alimtuma Harusi nyumbani na kikaratasi: *Leo maneno mawili. Kwa sauti ya chini.* Khamisa akakisoma mara tatu, akasujudu pale pale jikoni.

Jumatano hakuweza kukaa nyumbani. Akaenda na kofia yake, akaketi mlangoni mwa darasa ili mtoto apate moyo. Harusi alishika kitabu mpaka kengele ikalia. Hata neno. Alhamisi Khamisa akasogea karibu zaidi, deski la mbele, akimwitikia kwa kichwa: soma, mama, soma. Hata neno. Sindano ikamdunga, tone la damu likaenea juu ya kitambaa. Akaacha.

"Labda kesho, mama..." Kalama alianza, akasita, asimalize.

"Kesho nitakuja mapema," Khamisa akasema.

Ijumaa, Khamisa akiwa tayari kwenye deski la mbele, mwalimu mkuu aliingia darasani na saa yake mkononi, akaketi, kiti kikalia. Nje watoto walikuwa wakipewa maziwa ya shule. Harusi alisimama na kitabu. Kalama akageukia ubao.

"Mashaallah," akasema.

Mwalimu mkuu akamkodolea macho. "Kalama! Umeanza lini haya? Na mbona unauangalia ukuta?"

Mdomo wa Harusi ukacheza, karibu acheke. Akavuta pumzi. "Siku..." alisema. "Siku mo..."

Akainua macho, si kwa mwalimu mkuu, wala kwa kisogo cha Kalama. Alimtazama mamake. Neno likakatika.

"Nimekuruhusu, mwanangu," Khamisa akanong'ona. "Soma. Wote hawa wema."

Harusi aliendelea kumtazama. Na Khamisa, kwa kutazamwa vile, akajihisi yeye mwenyewe: midomo inayotetemeka kwa Ayatul Kursiyyu, buibui lililokunjwa ngumini, macho yaliyotoka pima, yasiyopepesa. Hivyo ndivyo alivyomtazama mtoto kitandani siku kumi na saba. Hivyo ndivyo alivyomtazama jana, na juzi. Jumanne yeye hakuwapo, na mtoto alisoma.

Aliimaliza aya yake hadi mwisho, kimoyomoyo. Kisha akainuka.

"Mama, unakwenda wapi?" mwalimu mkuu akauliza. "Mtoto bado hajasoma!"

Kalama akageuka. Macho yao yakakutana, naye akainamisha kichwa, kama mtu aliyeombwa jambo akalikubali. Khamisa akaiweka mkobani kofia isiyokwisha, akautia mkoba kwapani. Hakumbusu mtoto, hakumuaga. Alivaa ndara zake mlangoni akatoka, akapita katikati ya watoto waliokuwa wakifyonza maziwa, jua likimpiga usoni, na darasa nyuma yake likiwa bado kimya. Akafika kwenye mfereji, akaupita, asigeuke.