Njia ya Zebaki

Asubuhi Gaudensia alifuta vumbi kwenye vioo vya leza, akawasha pampu, akasubiri hewa iishe ndani ya pipa la chuma. Maabara yake ilikuwa stoo ya zamani ya samaki pale Makoko, na siku za joto harufu ya sangara ilirudi kudai chumba chake.

Kazi yake ilikuwa kupitisha mikondo miwili myembamba ya gesi ndani ya pipa lile, ikutane katikati, kisha leza imulike na kuonyesha molekuli zimepita njia gani mpaka kuungana. Siku hiyo mkondo mmoja ulikuwa klorini. Mwingine ulitoka kwenye chupa aliyoijaza hewa ya jikoni kwa mama yake, kijijini upande wa Butiama, ambako kaka yake Chrispin huchoma dhahabu iliyoshikana na zebaki, ili zebaki ipae kwa moshi ibaki dhahabu. Kule watu huchomea jikoni, mlango umefungwa, maana wanaamini upepo wa nje huiba dhahabu. Mama Dorotea alikuwa ameanza kutetemeka mikono, na Gaudensia alitaka ushahidi kwamba ni moshi ule, ushahidi ambao Chrispin asingeubishia.

Mikondo ilipokutana, mwanga wa kijani ulitokea, ukapenya pipa, ukapenya ukuta. Ulikuwa mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, ukaelekea Butiama kwa kimo cha kifua. Umeme ukakatika mji mzima; mwanga haukukatika. Gaudensia alifunga maabara, akaufuata kwa bodaboda.

Njiani, mtaa wa Nyakato, watu walikuwa wanainama na kupita chini yake. Muuza ndizi alikuwa ameshautundikia mifuko yake.

"Dada, ni wa kwako huu?" akauliza. "Ungeupandisha kidogo, mkokoteni haupiti."

Kijijini mwanga ulipenya mlango wa jiko, ukashuka kwenye kikaango cha Chrispin, ukatoka hapo ukaishia kifuani kwa Mama Dorotea, aliyekuwa kwenye kigoda anachambua dagaa.

"Hiyo ndiyo njia ya zebaki, kaka," Gaudensia alisema. "Inatoka kwenye kikaango, inaingia kwa mama."

Chrispin aliufuata kwa macho mpaka kifuani kwa mama.

"Sibishi. Ni kweli," akasema. "Ila hata baba alikuwaga anachomea hapa hapa, na ada yako ilikuwaga inatoka kwenye kikaango hiki. Nikichomea nje, upepo unabeba."

 Sikio la kufa halisikii dawa, lakini pale sikio lilikuwa la mmoja na kifo cha mwingine.

Mwanga upo mpaka leo. Mama Dorotea huanika kanga zake juu yake, na hukauka haraka hata masika. Chrispin anasema umemsaidia, maana siku hizi anaona vizuri dhahabu inapobadilika rangi. Akishawasha moto humwambia, "Mama, mlango, upepo."

Naye huufunga kwa mikono miwili, kwa kuwa mmoja hautoshi tena.