Mfadhili Aliyetangulia

Chama chetu huwanunulia wazee miwani, nami ni mwenyekiti wake. Mwaka huu majina ya wafadhili yalitolewa katika daftari langu la jalada gumu, yakahamishiwa kwenye mfumo wa kompyuta unaopokea michango mtandaoni na kutuma shukrani wenyewe. Anayeusimamia ni katibu wetu, binti wa kaka yangu. Juma lililopita aliuacha ukamwita mama mkwe wangu "Mpendwa Bwana". Nikamwonya kwamba kosa moja zaidi lingemwondoa kazini, damu yangu au si damu yangu.

Siku ya mkutano, saa nne asubuhi, alimpigia simu mfadhili wetu mkuu, mpima ardhi mstaafu, ili kumkumbusha. Akapokea mkewe. Binti akajishika mdomo.

"Maskini! Tangu lini, mama? ... Saa tatu?" Akakata simu. "Baba Mdogo, mzee ametangulia!"

Nilivua kofia. "Andika ipasavyo," nikamwambia, nikamtajia na maneno ya kuandika.

Akaweka alama penye "Marehemu". Mfumo, usiojua subira, ukawapelekea wafadhili wote rambirambi, ukafungua na ukurasa wa kuchangia miwani kwa kumbukumbu yake.

Robo saa haijaisha, mlango ukafunguliwa. Akaingia mpima ardhi, anahema, simu mkononi.

"Ngazi zenu zitaniua, ingawa naona mmeziwahi." Akasoma kwa sauti: "'Tumempoteza mtu wa vipimo sahihi na viatu safi.' Mwenyekiti, hii ni sentensi yako."

"Mama alisema umetangulia," binti akasema, machozi yakimlengalenga.

"Nimetangulia, ndiyo! Yeye anapiga pasi gauni, mimi nimekuja kwa miguu." Akasogeza simu karibu na macho. "Hebu! Shemeji amechanga? Yule anayelia kila siku hana nauli? Mwanangu, usinifufue kwanza. Kaka yangu bado hajachanga."

"Chama hiki hakichangishi kwa kifo cha uongo," nikasema. Nikaamuru wote waarifiwe, na atakaye arudishiwe mchango wake. Aliyedai ni shemeji peke yake.

Kisha nikamgeukia binti, onyo langu likiwa tayari ulimini.

"Ni nani aliyekufundisha kulielewa neno hilo hivyo?"

"Wewe, Baba Mdogo. Ulisema mtu aliyesoma hasemi fulani amekufa. Husema ametangulia."

Mpima ardhi alicheka hata akashika meza. Onyo nikalimeza, nalo lilikuwa kubwa.

"Utabaki kazini," nikasema. "Sasa mrudishe mzee miongoni mwa walio hai."

Mfumo ulikubali, lakini ukadai sababu ya mabadiliko. Binti akaanza kuandika "amefufuka".

"Futa! Neno hilo haliandikwi ovyo."

Nikavaa miwani, nikamsomea herufi kwa herufi: "Alitangulia. Kisha akafika."